Shibiri Nne na Vidole Vinne

Mume wangu Cassimo alikuwa na tabia moja ambayo kwa miaka mitatu niliielewa vibaya. Kila asubuhi, akitoka kwenda kutawadha, alisimama kwenye mlango wa chumba chetu, akaweka mkono wa kulia juu ya mwimo, ule ubao wa ubavuni mwa mlango, akatulia kidogo, halafu akatoka. Nilidhani anasoma dua. Nikasema moyoni, angalau mbishi huyu ameanza kumkumbuka Mungu kabla ya chai. Sikumuuliza kitu, na hilo najilaumu mpaka leo, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza kila jambo, hadi majirani hapa Palma wananiita polisi.

Cassimo ni fundi wa mashua, mtu wa Quionga. Karatasi za serikali zinasema ana miaka sitini na mmoja. Dada zake wanacheka wakisikia. Maisha yake yote hakuwahi kushika rula. Kipimo chake ni shibiri ya mkono wake, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Ukimtajia mita, anaigeuza kichwani kabla hujafunga mdomo. Mita moja ni shibiri nne na vidole vinne. Mashua zaidi ya thelathini zilishuka majini kwa hesabu hiyo, na sikumbuki hata moja iliyorudishwa.

Hata mimi nilianza kazi kwa mkono huo. Tulipooana nilikuwa fundi cherehani nisiye na futi ya kupimia nguo. Cassimo akachana utepe kwenye kitambaa cha tanga kuukuu, akaupima kwa shibiri yake, akafunga fundo kila shibiri ilipoishia, mafundo kumi. Nilishona kwa utepe ule miaka mingi, magauni ya harusi na sare za shule, mpaka niliponunua futi ya plastiki. Utepe nikautupia kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo visivyo na wenzake na sindano butu.

Sasa hiyo cherehani. Mwaka ule wa mbio za vita, tulipokimbia kutoka Quionga kwenda ng'ambo ya mto Ruvuma, Cassimo alisema tubebe maji, unga na nguo za mwilini, basi. Nikakataa. Nikamuuliza, tukifika huko bila cherehani tutakula nini, mchanga? Tukaifunga kwenye kapulana, kitenge changu cha kujifunga, tukaibeba njia nzima kwa zamu. Pale mtoni yeye alikuwa ndani ya mtumbwi anavuta, mimi nimesimama majini nasukuma, watu wananifokea niharakishe, na mikono yangu ikateleza. Chuma chote kile kikaangukia ukingo wa mtumbwi, kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia kikiwa katikati. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akaivuta cherehani ndani, kisha akanivuta mimi.

Kidole tulikifunga kwa kipande cha kapulana, kikapona kimepinda. Tangu siku ile hatukuwahi kulitaja jambo hilo. Akiulizwa na watu alisema kilibanwa na mtumbwi, na mimi nilikuwa nainama nitafute kitu cha kuokota.

Tuliporudi tulikaa hapa Palma, kwa sababu kule Quionga banda lake la kazi lilikuwa limeungua pamoja na vyombo vyote. Kwa muda mrefu hakuna aliyejenga mashua. Bahari yenyewe ilikuwa ya kuombea ruhusa. Cassimo akawa mtu wa milango na vitanda, na fundi wa mashua ukimwagiza kitanda anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Ndipo akaja profesora Inês, mwalimu wa historia, mwanamke wa Mueda mwenye sauti ndogo na ukaidi mkubwa. Mwaka huu nchi inatimiza miaka hamsini ya uhuru, na yeye alitaka wanafunzi wake waone manowari za mbao za wakoloni wa kale zilivyokuwa kwa ndani. Nje, alisema, kila mtu ameziona kwenye vitabu. Yeye alitaka ndani: askari walilala wapi, baruti iliwekwa wapi, watu walipikaje juu ya mbao bila kuunguza chombo, na kule chini kabisa, kwenye ngama, walifungwa akina nani. Alileta michoro iliyojaa tarakimu. Manowari ya urefu wa mita moja na nusu, ubavu mmoja wazi, na sitaha tatu zinazoingizwa tumboni mwake moja juu ya nyingine kama droo za kabati.

Gamba la nje walilijenga shuleni wakati wa likizo, Inês akishika rula yake na Cassimo akinung'unika. Shule ilipofunguliwa, chumba kikahitajika, na gamba likasogezwa pembeni. Sitaha Cassimo akaja kuzifanya uani kwetu, akifuata tarakimu za karatasi, mita akizigeuza shibiri kama alivyozoea.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Armando, mchonga vinyago kutoka Diaca, Mmakonde aliyeacha huko nyumba na shamba na sasa anaishi kwa ndugu zake upande wa pili wa mji. Cassimo alipima na kuchora mistari kwa penseli, Armando akakata kwa msumeno, kisha akachonga vitu vidogo. Walitaniana kutwa. Cassimo alisema kazi ya Mmakonde ni kupunguza mti mpaka uishe. Armando akajibu kwamba kazi ya watu wa pwani ni kubandika vipande ambavyo Mmakonde amevitupa. Armando alichonga mizinga ishirini na minne, kila mmoja mfupi kuliko kidole, na mapipa, na ndoo, na baharia mmoja aliyelala usingizi kwenye zamu yake. Mimi nilishona vitanda vya kuning'inia, arobaini, kila kimoja sawa na jani la mkorosho, kwa cherehani ileile. Cassimo alipomaliza kuvifunga chini ya boriti akaviangalia kwa muda, akasema askari hao walibanana kuliko sisi tulivyobanana kwenye kambi ya wakimbizi.

Jiko lilikuwa la matofali kweli, vijitofali vya udongo alivyovichoma ndani ya mkaa wangu wa kupikia, na chakula kikachelewa siku tatu mfululizo. Nilifoka. Lakini jioni nikimaliza kazi nilikuwa napiga magoti nachungulia mle ndani, ngazi zile, vyungu vile, na kule ngamani pingu za chuma jozi kumi na mbili. Inês alitaka na watu. Armando alikataa, akasema hawezi kuwachonga kwa sababu hajui nyuso zao. Pingu zikabaki tupu.

Kwa miezi mitatu Cassimo alikuwa mtu tena. Alikula, alibisha, aliimba vibaya. Na kulikuwa na sababu kubwa kuliko manowari. Latifo, kiongozi wa wavuvi wa Macaloe, alikuwa amepata ruhusa ya kurudi baharini na alitaka mashua mpya, mashua ya kweli, ya kubeba watu kumi na wawili na nyavu zao. Alimtaka Cassimo, lakini alikuwa amesikia maneno ya mtaani juu ya mkono wake. Hakuficha. Alisema atakuja shuleni siku ya kuingiza sitaha. Zikikaa sawasawa, kazi ni ya Cassimo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, siku kumi na nane kabla ya sherehe za uhuru. Tulizibeba sitaha kwa mkokoteni, zimefunikwa shuka langu. Shuleni tulimkuta Inês, na Latifo na wavuvi wake wawili. Cassimo na Armando wakainua sitaha ya chini, ile ya pingu, wakaisukuma ndani ya gamba.

Ilicheza. Ilikwenda mbele ikarudi nyuma, na kwenye omo, upande wa mbele, likabaki pengo jeusi. Wakaleta ya pili, ile ya vitanda vyangu, nayo hivyohivyo. Ya tatu hawakuiinua. Latifo akasogea, akatia vidole vyake kwenye pengo, kimoja kimoja, bila dharau, kama mtu anayepima kina cha maji.

"Vidole vitatu," akasema.

Mume wangu akaiachia sitaha. Kisha akasema, huku akiangalia ukuta, "Armando amekula mstari."

Kwa mafundi, kula mstari ni kupitisha msumeno ndani ya alama uliyowekewa, ubao ukawa mfupi. Ni kosa la mtu anayejifunza, au la mtu asiyejali. Armando ana miaka zaidi ya ishirini mkononi mwake. Alimtazama Cassimo, nadhani akisubiri utani uishe. Utani haukuwepo. Akaulaza msumeno juu ya meza, polepole, akajipangusa mikono kwenye suruali, akatoka.

Latifo akapumua. Akasema basi, kama ni mkataji, mkataji hubadilishwa, na atarudi Jumatatu wamalizane habari ya mashua. Alipompa Cassimo mkono niliona ameridhika. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu nao uliruka kwa furaha. Tumeipata mashua, nikawaza. Furaha hiyo ilidumu mpaka tulipokuwa tunafunika sitaha tuzirudishe nyumbani, ndipo nikaona penseli. Kwenye kichwa cha kila ubao mstari ulikuwepo bado, mzima, mweusi, haukuguswa na msumeno. Armando alikuwa amekata nje yake, kwa heshima.

Ubao ulikuwa umekatwa mahali ulipochorwa. Basi aliyekosea ni mchoraji, na mchoraji hajui kipimo kingine isipokuwa mkono wake. Sikulala vizuri, wala sihitaji kusema kwa nini.

Jumapili baada ya adhuhuri Cassimo alijilaza barazani kwenye mkeka, mkono wa kulia umefunguka pembeni. Nikafungua droo ya cherehani, nikachakura vifungo na sindano, nikautoa ule utepe wa tanga. Nikapiga magoti, nikamtanua vidole taratibu. Kidole gumba nikakiweka kwenye fundo la kwanza. Kidole cha mwisho kiliishia njiani. Mpaka kulifikia fundo la pili palibaki upana wa kidole kimoja na nusu.

"Mama Atija, unanipimia sanda?"

Alikuwa macho. Sijui tangu lini.

"Napima mkono wako," nikasema. "Armando hakula mstari. Mstari upo mpaka sasa. Mkono ndio umepungua, na mkono huo niliuvunja mimi, kwa cherehani yangu, kwa ubishi wangu."

Basi nilikuwa nimelisema. Miaka minne lilikuwa limenikaa kooni, na lilipotoka sikuona nafuu yoyote. Cassimo akanyanyuka, akanishika mkono, akanipeleka kwenye mlango wa chumba chetu. Kwenye mwimo, juu ya bawaba, kulikuwa na mikwaruzo midogo ya msumari. Nilikuwa nimeiona mara nyingi nikidhani ni ya wapangaji waliotutangulia. Aliweka kidole gumba kwenye bawaba, akatanua mkono kwenda juu.

"Alama ya juu ni ya mwezi tuliohamia hapa," akasema. "Hii ya chini ni ya wiki iliyopita."

Nikazihesabu. Zilikuwa saba, kila moja chini ya mwenzake. Kumbe hiyo ndiyo dua yake ya asubuhi. Kidole kilikuwa hakijamaliza kukunjika. Aliniambia kwamba tangu mwanzo wa kazi ya manowari alikuwa akiongeza upana wa kidole kimoja kwa kila shibiri, akidhani anafidia, na mwanzoni ilitosha. Haikutosha tena, na shuleni alijua hivyo mara tu ubao ulipocheza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungeiuza cherehani," akasema.

Ni kweli, ningeiuza siku ileile. Nililia kidogo. Halafu hasira ikanipanda, na nashukuru ilipanda, maana mtu mwenyewe alishaanza kunipigapiga bega akidhani mambo yamekwisha.

"Kwa hiyo ukaniachia cherehani, ukamuuza Armando."

Baadaye akasema atakwenda kumwomba radhi, lakini baada ya Jumatatu, Latifo akishatoa neno lake. Aliongea kwa upole, akieleza kana kwamba mimi ni mtoto: Armando ni rafiki, ataelewa, mashua ile ikijengwa, Armando naye atapata kazi humo. Maneno yalikuwa mazuri na kila moja lilinichefua. Nikajitanda kapulana yangu, nikamwambia mimi nakwenda sasa hivi, yeye akitaka akae na mwimo wake.

Akanifuata.

Armando alikuwa nje, ananoa patasi. Alituletea viti, akarudi kwenye jiwe lake la kunolea, wala hakumwita Cassimo mestre, yaani fundi mkuu, kama siku zote. Cassimo alimweleza yote, kidole, alama, mtumbwi, hata cherehani, na alipofika kwenye cherehani akajaribu kuifupisha habari, nikaimalizia mimi. Mwishoni akasema, nisamehe.

Armando akajaribu makali ya patasi kwenye ukucha wake.

"Nyumba yangu imekwenda, shamba la Diaca limekwenda," akasema. "Jina langu tu ndilo nililokuja nalo hapa Palma. Ulilichukua mbele ya watu. Lirudishe mbele ya watu haohao."

Hakupandisha sauti. Cassimo akatazama chini. Sote watatu tulijua watu haohao ni akina nani, na kulirudisha jina kungemgharimu nini.

Jumatatu asubuhi aliugusa mwimo kama kawaida. Nilimpigia pasi shati lake jeupe, nikaenda naye. Shuleni walikuwepo walewale, na Armando amesimama karibu na dirisha. Latifo alikuwa amekuja na karatasi ya vipimo vya mashua yake, ameikunja mfukoni, ncha inaonekana.

Nilikuwa nimemwandalia Cassimo maneno ya kusema. Hakuyatumia. Aliinua mkono wa kulia juu, akautanua mbele ya watu wote, kidole kile kikabaki kimekunjika pale kilipo.

"Armando alikata nilipochora," akasema. "Niliyekosea ni mimi. Mkono umepungua, na unaendelea kupungua. Jumamosi nilisema uongo kwa sababu niliitaka mashua."

Inês aliingiza mkono kwenye mkoba wake, akaishika rula, akairudisha. Nilimpenda kwa hilo. Latifo alimwendea Armando kwanza, akampa mkono. Kisha akamrudia Cassimo, akamshika mkono ule mbovu kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu, nakushukuru," akasema. "Lakini nina watu kumi na wawili, na bahari haiwezi kuwasamehe vidole vitatu. Nitatafuta fundi mwingine."

Akatoka na wavuvi wake. Nilitamani kumkimbilia, nimwambie aangalie hizo mashua thelathini, nimwambie huyu ni Cassimo wa Quionga. Lakini alikuwa amesema haki, na haki yake iliniuma kuliko kama angetutukana.

Armando akauchukua msumeno kutoka mezani, palepale alipouacha, akapitisha kidole kwenye meno yake.

"Profesora, bado siku ngapi?" akauliza.

Inês akasema kumi na sita.

"Zinatosha. Mestre akipata kipimo, mimi nakata."

Akipata kipimo. Inês alikuwa na rula, mimi nilikuwa na futi ya plastiki mkobani, na wote wawili tulijua hatutamtolea. Mtu hawezi kujifunza tarakimu za watu wengine akiwa na miaka sitini na mmoja na siku kumi na sita. Tulipofika nyumbani nikamkalisha barazani, nikampa utepe wa tanga. Jana yake aliuona mikononi mwangu bila kuutambua. Sasa akaugeuzageuza, akayapapasa mafundo, na nikaona alipokumbuka, kwa sababu alianza kuyahesabu upya tangu la kwanza.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye droo ya cherehani," nikasema. "Siku zote. Hata siku ile ya mtoni ulikuwa humo."

Akaulaza juu ya goti. Akaweka kidole gumba kwenye fundo moja, akatanua mkono wote, akaukaza mpaka mishipa ikamsimama, akitafuta fundo la pili. Hakulifikia. Akauacha mkono hapo kwa muda mrefu, akiliangalia lile pengo kati ya ncha ya kidole na fundo.

"Nilikuwa na mkono mkubwa," akasema.

"Ulikuwa nao."

Asubuhi iliyofuata alitoka kwenda kutawadha, utepe umezungushwa shingoni, na akapita mlangoni bila kuugusa mwimo. Mimi nilikuwa kitandani natazama. Nikajifunika shuka usoni, nikalia mpaka nikamsikia Armando uani akimwuliza shibiri ngapi, na Cassimo akimjibu kwamba mita moja ni shibiri nne na vidole vinne.